Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: mashine mnanunua, jicho la kuisoma mnaliacha liende

Waheshimiwa wakuu wa vyuo vikuu, wakuu wa vitivo na idara, na ninyi nyote mnaokaa kwenye kamati za ajira na za kupandisha vyeo,

Salaam na heshima kwenu.

Mimi ni mkemia. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka 26, na karibu yote hiyo nimekuwa kwenye spektroskopia, kazi ya kuijua dutu kwa kuangalia namna inavyofyonza mwanga, inavyoutoa au inavyoutawanya. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Cheo nilichokitafuta nilishakipata, kwa hiyo siombi kitu changu. Naandika kwa sababu kuna mtu maabarani kwetu ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa muhula huu, na si wa kwanza ninayemwona akiondoka hivi.

Nianze na siku niliyomjua.

Alikuwa mwanafunzi wa uzamili. Alinijia mbio, karatasi mkononi, uso umejaa furaha. Alikuwa ametengeneza kampaundi yake, akaipima kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, na kwenye grafu kukatokea bonde kali, yaani mahali mwanga ulipofyonzwa, karibu na namba 2350 (namba hizi huonyesha ni mwanga upi uliofyonzwa). Vitabu vinafundisha kwamba jirani ya hapo, karibu na 2250, ndipo inapojitokeza kaboni iliyoshikana na nitrojeni kwa bondi tatu. Yeye aliona hizo mbili zimekaribiana vya kutosha, na alishaanza kuandika makala. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba aitoe sampuli, afungue mfuniko wa chumba inamokaa, apumue humo mara moja, afunge, kisha apime hewa tupu. Bonde likarudi pale pale, safari hii refu zaidi. Ilikuwa kaboni dayoksaidi ya pumzi yake.

Akanyamaza, akaitazama grafu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Mwalimu, sasa ni mangapi mengine humu ambayo ni mimi, wala si sampuli?”

Nimefundisha mamia ya wanafunzi. Swali hilo nimelisikia kwa wachache mno, na wote waliouliza namna hiyo wamekuja kuwa wasomaji wazuri wa spektra, yaani grafu na mistari hiyo ya mwanga. Huyu alibaki. Akafanya uzamivu, akaendelea kama mtafiti wa mkataba, na leo ndiye anayezijua mashine zetu kuliko mtu yeyote pale chuoni, mimi nikiwemo.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo anachojua, kwa sababu nahisi hapo ndipo mimi na ninyi tunapopishana. Ukimpa mtu yeyote mwenye shahada ya kemia grafu ya infraredi, atakuonyesha bonde la kaboni na oksijeni zilizoungana kwa bondi mbili, huko karibu na 1700. Hilo liko kwenye jedwali la kila kitabu. Lakini bonde hilo hutembea. Kwenye pete ya atomi sita za kaboni hukaa karibu na 1715. Ibane pete hiyo iwe ya atomi nne, nalo hupanda hadi karibu na 1780. Likiwa jirani na atomi nyingine zilizoungana kwa bondi mbili, hushuka. Molekuli ikishikwa na jirani yake kwa bondi ya haidrojeni, hushuka tena na kupanuka. Halafu kuna maji, ambayo huingia kila mahali bila kualikwa na kutandaza bonde pana kati ya 3200 na 3600, mtu asiyejua akadhani ana alkoholi. Kuna taa inayozeeka. Kuna kioo kilichoguswa na kidole. Ndiyo maana kila asubuhi yeye hupima kwanza utando mwembamba wa polistireni, plastiki ambayo mistari yake inajulikana, aone kama mstari wa 1601 bado uko palepale ulipokuwa jana. Ukihama, hakuna anayepima chochote siku hiyo mpaka ajue sababu.

Najua mtaniambia kwamba siku hizi kompyuta ina maktaba ya maelfu ya spektra na inatoa jina la dutu kwa sekunde chache. Inatoa, na tunaitumia kila siku. Hulinganisha ilichopewa na ilichonacho. Mwanafunzi wangu asingeambiwa na kompyuta kwamba ameisahau pumzi yake ndani. Na dutu mpya, ambayo ndiyo sababu ya kuwa na chuo kikuu chenye watafiti, haimo kwenye maktaba yoyote.

Jicho kama hilo hukua kwa takriban miaka kumi. Sijawahi kuona njia ya mkato. Nanyi mna utaratibu wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Kwenye fani yetu kisa cha kazi inayokaa pembeni ni cha zamani. Mwaka 1860 kule Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliuangalia mwali wa moto kupitia mche wa kioo, wakaona mistari ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Wakaiita sesiamu. Mwaka uliofuata ikaja rubidiamu, kwa mistari yake myekundu. Ili kupata chumvi kidogo ya sesiamu ya kushika mkononi, gramu chache tu, ilibidi kukausha zaidi ya tani 40 za maji ya chemchemi. Kila mwanafunzi wa kemia anamjua Bunsen kwa kichomeo chake, kile chenye mwali usio na rangi uliowezesha mistari hiyo kuonekana vizuri. Wachache wanajua kwamba aliyekitengeneza kwa mikono yake ni Peter Desaga, fundi wa chuo kile kile. Bunsen alikuwa na wazo. Desaga alikuwa na mikono iliyolielewa wazo hilo, na alikuwepo chuoni siku alipohitajika. Hilo la kuwepo ndilo ninalowaombea.

Yupo pia Cecilia Payne. Hakuwa mkemia wa maabara, alisoma spektra za nyota, ila kazi ni ile ile ya kusoma mistari. Mwaka 1925, akiwa Harvard, alionyesha kwenye tasnifu yake kwamba nyota zimejaa haidrojeni kuliko kitu kingine chochote. Mkubwa mmoja wa fani, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, naye Payne akaandika kwenye tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifika mahali pale pale kwa njia yake. Payne aliendelea kufundisha, lakini kwa miaka mingi masomo yake hayakuorodheshwa kwenye kitabu cha kozi za chuo, na uprofesa kamili aliupata mwaka 1956. Hesabuni miaka: 31. Alibaki kwa uvumilivu wake mwenyewe. Wangapi wa kizazi chake walisoma mistari vizuri kama yeye wakaondoka, hatutajua kamwe, kwa kuwa anayeondoka haachi makala.

Sasa niseme la kwetu, na nitalisema bila kukitaja chuo, maana lengo langu ni kurekebisha.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi tulikuwa na mashine ya NMR, ile inayosikiliza viini vya atomi vikiitikia mawimbi ya redio ndani ya sumaku kubwa. Kwa mkemia anayetengeneza molekuli, hiyo ndiyo mashine ya kwanza kuiendea asubuhi na ya mwisho kuiaga usiku. Moyo wake ni koili ya waya inayozama kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na nje yake kuna koti la nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Waya ukibaki kwenye baridi hiyo, umeme ulioingizwa siku ya kwanza huzunguka miaka na miaka bila kuongezwa. (Heliamu yenyewe ni zawadi ya spektroskopia. Mstari wake wa njano ulionekana kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata hapa duniani. Kila ninapoona tangi likishushwa kwenye gari, hilo hunijia akilini.) Heliamu huvukiza polepole, kwa hiyo lazima iongezwe kwa ratiba. Ikipungua mno, sehemu ya waya hupata joto, umeme hukataa kupita, joto huongezeka, na ndani ya dakika chache heliamu yote huchemka. Lita moja ya kimiminika hugeuka takriban lita 750 za gesi. Gesi hiyo husukuma hewa nje ya chumba, na aliyemo anaweza kupoteza fahamu kabla ya kujua kinachompata.

Fundi sanifu wetu aliandika barua ya kwanza kiwango kilipoanza kushuka. Akaandika ya pili. Ombi la ununuzi lilikuwa na sahihi moja, likisubiri nyingine kwenye ofisi ya aliyekuwa safarini. Barua ya tatu aliipeleka kwa mkono. Mngurumo aliusikia jioni akiwa korido. Aliwatoa wanafunzi wawili waliokuwa ndani, akafunga mlango, akakaa nje peke yake akitazama wingu jeupe kupitia kidirisha mpaka likaisha. Nilipofika asubuhi nilimkuta bado yupo. Bomba la kutolea gesi lilikuwa limeganda barafu nene kama kiganja, nalo lilikuwa likidondosha maji sakafuni, na yeye alikuwa akiyafuta kwa tambara. Hakuna aliyemwagiza.

Ripoti iliyoandikwa baadaye ilisema “hitilafu ya mashine.” Maneno hayo yaliniumiza, na bado yananiumiza. Mashine haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikaa miezi bila kufanya kazi, wanafunzi wa uzamivu wakaongezewa muda bila kuongezewa ufadhili, na yule fundi mwaka uliofuata akaajiriwa kiwandani. Tuliagana getini. Aliniambia kwamba huko aendako, akisema kitu kinapungua, kinaletwa.

Mambo madogo ya aina hiyo ni mengi zaidi kuliko makubwa. Kuna likizo ndefu moja ambayo uamuzi ulipitishwa wa kuzima vipoza hewa jengo zima ili kuokoa umeme. Mashine ya infraredi ina vioo vya bromidi ya potasiamu, chumvi ambayo hunywa unyevu wa hewa. Tuliporudi, vidonge vya kukaushia vilivyokuwa vya buluu vilikuwa vyote vimegeuka pinki, na kioo cha kugawa mwanga kimeingia ukungu kama dirisha la asubuhi ya mvua. Aliyeamua hakuwa na nia mbaya. Hakukuwa na mtu mezani pale mwenye nafasi ya kusema, “Hapana, chumba kile kisizimwe.” Mwenye kujua alikuwa wa mkataba, na wa mkataba haitwi kwenye vikao.

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimehudhuria uzinduzi wa mashine mara nyingi. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, hotuba zinataja utafiti wa kiwango cha juu. Nimeshika makasi mwenyewe mara moja, na nilifurahi kweli. Lakini sijawahi kualikwa kwenye hafla ya kumwajiri mtu wa kuitunza mashine hiyo kwa miaka 20. Ruzuku nyingi huruhusu kununua kifaa na hukataa kulipa mshahara wa anayekitumia, au humlipa miaka mitatu kisha basi. Vyuo navyo huchukua kifaa kama kilivyo na kudhani mtu atapatikana. Hupatikana, kwa sababu vijana wanaipenda kazi hii. Mnautumia upendo wao kuziba pengo la bajeti. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao: si haki.

Naijua hoja ya fedha. Nimekuwa mkuu wa idara, nimekaa upande huo wa meza, nimegawa kidogo kwa wengi. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba kifaa ghali kuliko vyote chuoni ni kile kilicholala. Kama fedha hazitoshi mashine mbili na mtu mmoja, nunueni mashine moja na muajiri mtu. Kama idara tatu kila moja inataka ya kwake, wekeni moja ya pamoja, na juu yake awepo mwenye ajira ya kudumu ambaye idara zote tatu zinamjua kwa jina. Bei ya heliamu, ya vipuri na ya mkataba wa matengenezo iandikwe kwenye karatasi ile ile ya ununuzi, kabla ya sahihi. Na sumaku isisubiri sahihi ya pili ya mtu aliye safarini. Anayeitunza apewe mamlaka ya kuagiza.

La kamati za vyeo ni gumu zaidi, na hapo ndipo nafsi yangu imechoka. Mnahesabu makala ambazo jina la mtu ni la kwanza. Mkemia wa spektroskopia anayefanya kazi yake vizuri hutokea wapi? Hutokea mstari wa mwisho wa makala za wengine, kwenye shukrani. Mtu anakuja na molekuli asiyoielewa, unakaa naye siku tatu, unamwonyesha kwamba alichokiita uchafu ndiyo bidhaa yenyewe na alichokiita bidhaa ni kiyeyushi, anakwenda kuandika, anakushukuru kwa “msaada wa kiufundi.” Nimewahi kukaa mbele ya kamati nikaulizwa kwa nini machapisho yangu ya kwanza ni machache. Nilikuwa na orodha ya tasnifu za uzamivu ambazo zingekuwa na muundo usio sahihi wa molekuli kama nisingezisoma. Mjumbe mmoja aliniambia kwa upole kwamba hakuna kisanduku cha kuiandika kwenye fomu. Basi wekeni kisanduku. Siombi huruma. Kosa lililozuiwa lina thamani kama ugunduzi uliochapishwa, na anayelizuia mara kwa mara aweze kupanda hadi uprofesa kwa kazi hiyo.

Wapo waliowahi kuamua vizuri. Mwaka 1935 Gerhard Herzberg alilazimika kuondoka Ujerumani kwa kuwa mkewe, Luise, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa spektra, alikuwa Myahudi. Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada, mbali na vituo vikubwa vya utafiti vya wakati ule, kilimpokea. Alikaa huko miaka kumi, akafundisha, akaandika vitabu vya spektra za molekuli ambavyo sisi wa fani hii bado tunavifungua. Mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Waliompokea walichopata mwaka 1935 ni mtu anayejua kusoma mistari, wakampa mahali pa kukaa.

Mtu wangu niliyeanza naye barua hii amesaini mikataba mitano ya mwaka mmoja mmoja. Amepata kazi kwingine, yenye mshahara mzuri, ya kupima kitu kile kile kila siku. Hajaikubali bado. Wiki iliyopita nilimkuta maabarani jioni akiandika kwenye daftari lenye jalada gumu: namna mashine ya infraredi inavyolia kabla taa yake haijafa, namba za kurekebisha sumaku baada ya kila ujazo wa heliamu, sampuli zipi za idara ipi huacha uchafu kwenye kioo. Nilimuuliza anamwandikia nani. Akasema anamwandikia atakayekuja. Nikalifungua ukurasa wa kwanza. Ameandika: “Kabla hujaamini chochote, pima hewa tupu.”

Barua ya idara ya kuomba ajira yake iwe ya kudumu iliondoka kwetu miezi minne iliyopita, ikiwa na sahihi zote tunazoweza kuweka sisi. Iko kwenye ofisi ya mmoja wenu. Muhula unaisha baada ya wiki sita.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri wa kemia